Kumaliza na Kukamilisha: Uchezaji wa Mara ya Pili wa The Witcher 2 Ukitazamwa kutoka Mpakani Bwera

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mchezo wa video The Witcher 2: Assassins of Kings (2011) kwa kuzingatia jambo moja, kwamba hadithi yake haiwezi kusomwa yote kwa kuchezwa mara moja. Uamuzi unaofanywa mwishoni mwa sura ya kwanza humpeleka mchezaji upande mmoja wa vita na kumfungia upande wa pili. Makala yanadai kuwa kuurudia mchezo huu hadi mwisho ni sharti la kuuelewa, na kwa mtu anayetaka kuuhakiki au kuutafsiri kwa Kiswahili ni sharti la uadilifu. Hoja hiyo inajengwa kutoka Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, ambako mpaka umewagawa watu wa lugha moja na ambako uteuzi wa neno unaweza kumweka msemaji upande fulani. Makala yanaonyesha pia kasoro ya mchezo: unazionyesha pande mbili kwa uaminifu, lakini hauwapi nafasi watu wanaoishi kwa kuvuka.

1.0 Utangulizi

Katika miji mingi ya Uganda, neno gemu humkumbusha mtu kwanza mpira wa miguu wa kwenye skrini: vijana wawili, vidhibiti viwili, dakika chache, kisha mshindi. Mchezo wa aina hiyo hurudiwa mara nyingi kwa siku na hakuna anayeuliza kwa nini. Kila mechi ni mpya, na ya jana haimdai mchezaji chochote leo. Hali ni tofauti katika michezo ya uigizaji wa uhusika, ambamo mchezaji huingia katika nafsi ya mhusika, huzungumza na wahusika wengine, huamua, na hubeba matokeo ya maamuzi yake kwa makumi ya saa. Kuumaliza mchezo wa namna hiyo ni kazi. Kuuanza tena kutoka mwanzo, baada ya kuujua mwisho, ni jambo linalohitaji sababu.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umekwisha kupanua mipaka yake mara kadhaa. Ulipokea fasihi simulizi, ukapokea nyimbo za kizazi kipya, ukapokea filamu. Mchezo wa video wenye hadithi bado haujapewa nafasi hiyo kikamilifu, na pale unapotajwa hutajwa kama chombo cha kujifunzia au kama tishio kwa malezi. Makala haya yanauchukulia mchezo kama matini. Swali lake ni hili: mhakiki aliyeumaliza mchezo mara moja tu, akiwa upande mmoja, ana haki gani ya kusema ameusoma?

Swali hilo lina uzito wa pekee linapoulizwa Bwera. Mji huu uko karibu na kituo cha mpaka cha Mpondwe, na ng'ambo ya mto Lhubiriha kuna Kasindi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule wana lugha na asili moja. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wabelgiji mwanzoni mwa karne ya 20 ndio uliowapa majina ya uraia tofauti. Msomaji wa Bwera anapokutana na hadithi inayogawanywa na mto, hahitaji maelezo marefu.

2.0 Kurudia, Kumaliza, Kukamilisha

Kiswahili kinatoa msamiati unaofaa kulijadili suala hili. Kitenzi kurudia kimetokana na kurudi kwa kuongezewa kiambishi cha utendea. Kurudi ni kuelekea tena mahali mtu alikotoka. Kurudia ni kurudi kwa ajili ya kitu fulani, kana kwamba kuna jambo liliachwa huko. Aidha, kurudi kuna maana nyingine ambayo wazee wanaijua vizuri: kumrudi mtoto ni kumwadibu, kumsahihisha. Kwa hiyo ndani ya kitenzi kimoja kuna safari, kuna sababu ya safari, na kuna urekebishaji. Uchezaji wa mara ya pili unaojadiliwa hapa unabeba maana zote tatu.

Vilevile kumaliza si sawa na kukamilisha. Aliyemaliza amefika mwisho. Aliyekamilisha amekifanya kitu kiwe kamili, kisipungukiwe. Katika vitabu tofauti hii haionekani sana, kwa sababu msomaji aliyefika ukurasa wa mwisho amepita kurasa zote. Espen Aarseth, katika kitabu chake Cybertext cha mwaka 1997, alieleza matini zinazomtaka msomaji afanye kazi ya ziada ili njia ya matini ipatikane, na kwamba kila njia iliyochaguliwa huziacha nyingine zisisomwe. Wolfgang Iser, kabla yake, alizungumzia mapengo ambayo msomaji huyajaza kwa fikra. Pengo la Iser halina maandishi. Msomaji hulijaza kwa kuwaza. Pengo la mchezo lina maandishi, sauti na sura za watu. Yapo, yameandikwa, ila mchezaji amefungiwa nje.

Fasihi simulizi nayo inatufundisha kwamba kurudia hakuhitaji kisa kipya. Wasikilizaji wa ngano huujua mwisho wake tangu utotoni na bado huketi. Wanachokifuata ni uzito unaohama: usiku huu msimulizi amekaa zaidi na mama wa kambo, usiku ule alikaa na yatima. The Witcher 2 unaugeuza utaratibu huo wa kuhamisha uzito kuwa muundo wa hadithi yenyewe.

3.0 Mchezo na Muundo Wake

The Witcher 2 ulitolewa Mei 2011 na CD Projekt RED, kampuni ya Poland. Ni mwendelezo wa The Witcher wa mwaka 2007, na yote miwili imejengwa juu ya ulimwengu wa riwaya na hadithi fupi za Andrzej Sapkowski. Mhusika mkuu ni Geralt, mwindaji wa mazimwi anayelipwa kwa kazi yake, ambaye anatuhumiwa kumuua Foltest, mfalme wa Temeria. Muuaji halisi ni Letho, mwindaji mwenzake, na hadithi yote inaendeshwa na juhudi za Geralt za kumpata na kujisafisha jina.

Mchezo unaanzia gerezani. Geralt amefungwa, na Vernon Roche, ofisa wa ujasusi wa Temeria, anamhoji. Matukio ya kuzingirwa kwa ngome ya La Valette yanasimuliwa kama majibu ya mfungwa, na mchezaji ndiye anayechagua aanze na lipi. Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka Karama wa Kusadikika (1951), riwaya ya Shaaban Robert, anayejitetea barazani kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Katika kazi zote mbili, simulizi ni utetezi wa mtu aliye hatarini. Tofauti ni kwamba Karama anasimulia yaliyowapata wengine ili kuihukumu nchi, ilhali Geralt anasimulia yake mwenyewe, na kila neno linachaguliwa na mtu wa nje anayeshika kidhibiti.

Hata hapo mwanzoni pana dalili ya yatakayokuja. Katika kuzingirwa huko, mchezaji anaweza kumuua kijana Aryan La Valette au kumshawishi ajisalimishe. Akimwacha hai, atamkuta baadaye gerezani, na kijana huyo atatoa mchango wake katika kutoroka kwa Geralt. Akimuua, atakayemkuta humo ni mama yake. Mchezaji wa duru ya kwanza huona tukio moja na kulidhania kuwa ndilo lililopangwa. Ni duru ya pili tu inayomwonyesha kwamba katika chumba kilekile angeweza kukutana na mtu mwingine.

Uamuzi mkubwa uko mwishoni mwa sura ya kwanza, katika kituo cha biashara cha Flotsam kando ya mto Pontar. Mchezaji anaondoka na Roche, mtumishi wa dola, au na Iorveth, kiongozi wa wapiganaji wa msituni wasio binadamu. Akienda na Iorveth, sura ya pili humkalisha Vergen, mji ulio chini ya Saskia, mwanamke anayepigania nchi ambamo binadamu na wasio binadamu wataishi kwa usawa. Akienda na Roche, humkalisha katika kambi ya mfalme Henselt, anayetaka kuitwaa nchi hiyohiyo. Miji, wahusika, kazi na mazungumzo ya njia moja hayapatikani kwa sehemu kubwa katika njia ya pili. Katika sura ya tatu, huko Loc Muinne, njia hizo hukutana tena. Watengenezaji walitangaza kuwa kuna miisho 16, lakini hesabu hiyo haina uzito kama ukweli kwamba theluthi nzima ya hadithi iko ng'ambo.

4.0 Duru ya Kwanza Huleta Utii, Duru ya Pili Huleta Hukumu

Kati ya Vergen na kambi ya Henselt umetanda ukungu. Ndani yake askari waliouawa katika vita vilivyopiganwa hapo miaka michache kabla wanaendelea kupigana, wakirudia siku ileile bila kujua kwamba imekwisha. Ili ukungu uondoke, Geralt anatakiwa kukusanya alama nne, za ushujaa, imani, chuki na kifo, kisha aingie katika vita hivyo mwenyewe. Hapa mchezo unatoa mfano wa kurudia kusikozaa: wafu wanarudia kwa sababu hawajaelewa. Mchezaji anayeanza duru ya pili kwa mazoea, akichagua yaleyale ili aone yaleyale, hana tofauti na mizimu hiyo.

Anayerudi kwa njia ya pili hupata jambo jingine. Katika njia ya Roche anajifunza asili ya ukungu: namna Henselt alivyomuua mchawi Sabrina Glevissig, aliyewateketeza kwa moto askari wa pande zote mbili, na namna mwanamke huyo alivyomlaani kabla ya kufa. Katika njia ya Iorveth anajifunza siri ya Saskia, kwamba ndiye joka linaloonekana tangu mwanzo wa mchezo likiwa katika umbo la binadamu, na kwamba mchawi Philippa Eilhart ameiteka akili yake. Kila njia inaeleza kitu ambacho njia nyingine inakionyesha bila kukieleza. Katika njia moja Vergen unatekwa, na katika nyingine unasimama. Mchezaji wa duru moja anao uhakika, lakini ni uhakika wa mtu aliyeangalia kutoka upande mmoja.

Linalotokea kwa hisia zake ni muhimu zaidi ya taarifa anazozipata. Katika duru ya kwanza mchezaji ana sababu nzuri ya kumchukia adui wake. Aliyetembea na Roche ameona vikosi vyake vikinyongwa kwa amri ya Henselt, na anapopewa nafasi ya kumuua mfalme huyo au kumwacha, hafikiri kwa utulivu. Aliyetembea na Iorveth ameona jinsi wasio binadamu wanavyotendewa Flotsam na hataki tena kusikia habari za sheria za wafalme. Duru ya kwanza inamfunga mchezaji kwa watu aliokula nao. Duru ya pili inamlazimisha kukaa na watu aliowaua, na kugundua kwamba nao wana kicheko, deni na majeruhi.

Inaweza kupingwa kwamba mchezaji anaweza kuipata njia ya pili kwa kutazama rekodi za wengine kwenye intaneti. Taarifa atazipata. Atakachokikosa ni kushiriki: anayetazama hakumwambia Iorveth ndiyo kwa kinywa chake, wala hakuhisi kwamba amemgeuka Roche. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Inadaiwa kwamba anayezijua pande zote mbili huishia kutojali upande wowote, kwa sababu kila kosa limekwisha kupata kisingizio. Mchezo wenyewe unajibu kwa mkutano wa mwisho na Letho, ambaye anaeleza kwamba aliwaua wafalme kwa ahadi ya kurudishiwa nyumba ya wawindaji wa aina yake iliyoharibiwa. Mchezaji anaweza kupigana naye au kumwacha aende. Aliyekamilisha duru mbili bado anapaswa kuamua, na sasa hawezi kujificha nyuma ya kutojua. Hukumu yake inakuwa nzito zaidi ya ile ya kwanza, hata kama ni ileile.

5.0 Msamiati wa Upande

Mchezo huu hauna toleo la Kiswahili. Mchezaji wa Bwera anaucheza kwa Kiingereza, na akitaka kumweleza jirani aliyeketi kando yake, hutafsiri papo kwa papo kwa Kiswahili au kwa Lukonzo. Kazi hiyo ya mdomo inaonyesha matatizo ambayo tafsiri rasmi itakutana nayo siku ikifanyika.

La kwanza ni majina ya jamii. Jamii ya Iorveth ikitoholewa kwa haraka huwa elfu, neno ambalo tayari ni hesabu. Umbo elfi, kwa wingi maelfi, linaepusha mgongano huo. Kuwaita majini kungewaingiza katika itikadi isiyo yao. Jamii ya wachimbaji wafupi wa Vergen ni tatizo kubwa zaidi. Katika hekaya zilizotafsiriwa kwa watoto, viumbe hao wameitwa mbilikimo, na mbali na hapa neno hilo linaweza kupita kama neno la hekaya. Bwera halipiti. Kuvuka mpaka na kuelekea kaskazini katika misitu ya Ituri ni kuingia nchi ya Wambuti, na neno mbilikimo limetumika kwao na kwa Watwa kama tusi. Mfasiri aliyeketi mbali na msitu huo ataliona ni neno la hadithi. Mfasiri wa Bwera ataliona ni jina baya la jirani. Mchezo unaohusu kudharauliwa kwa jamii ndogo haupaswi kutafsiriwa kwa neno la dharau lililo hai.

La pili ni majina ya watendaji. Wafuasi wa Iorveth wataitwa majambazi, waasi, magaidi au wapiganaji? Mfasiri aliyecheza upande wa Roche tu atachukua neno la Roche bila kujua kwamba amechukua upande, na atalitumia mpaka ndani ya Vergen, ambako hakuna anayejiita hivyo. Mfasiri wa upande wa Iorveth atakosea kinyume chake, atawaita watu wa Roche wauaji hata katika kurasa ambazo ni askari wanaozika wenzao. Hapo ndipo hoja ya uadilifu inaposimama. Duru ya pili humrudi mfasiri, kwa ile maana ya kuadibu: inamwonyesha kwamba neno aliloliona la kawaida lilikuwa la kambi, na inamtaka atafute istilahi mbili, moja kwa kila kinywa, na ya tatu kwa sauti ya msimulizi.

Suala hili linagusa sera pia. Kiswahili kiliingizwa katika katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwaka huohuo Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika sehemu nyingi za Uganda Kiswahili kimesumbuliwa na kumbukumbu ya kuwa lugha ya jeshi. Mpakani Mpondwe kina historia nyingine, ni lugha ya kuulizana bei. Kijana anayefundishwa lugha hiyo darasani anahitaji pia kuikuta katika mambo anayoyafanya kwa hiari yake, na hadithi za michezo ni miongoni mwa mambo hayo.

6.0 Anayevuka Yuko Wapi?

Pamoja na sifa hizo, kuusoma mchezo kutoka Bwera kunaibua kasoro ambayo duru mbili haziwezi kuiondoa. The Witcher 2 unaujua upande huu na upande ule. Hauwajui watu ambao maisha yao ni katikati. Ukungu hauvukiki ila kwa shujaa, mchawi au mfalme mwenye msaada wao. Mpondwe, anayevuka ni mwanamke mwenye kapu la nyanya, kijana mwenye vitenge, mgonjwa anayefuata hospitali, mjomba anayekwenda msibani. Juni 2019, ugonjwa wa Ebola ulipoingia Bwera kutoka Kongo, ulikuja na familia yenye ndugu pande zote mbili iliyokuwa imekwenda kumuuguza na kumzika babu. Familia hiyo haikuchagua njia moja kati ya mbili. Ilikuwa na njia zote mbili kwa wakati mmoja, na hali hiyo haina nafasi katika muundo wa mchezo.

Kasoro ya pili inatokana na uwezo wa kuanza upya. Mwaka 1962 viongozi wa Wakonzo na Waamba waliotaka kujitenga na ufalme wa Toro walitangaza Rwenzururu. Kwa serikali walikuwa waasi. Milimani walikuwa wakombozi. Ilichukua miaka 20 hadi mapatano ya 1982, na miaka mingine hadi serikali ilipoutambua ufalme huo mwaka 2009. Kisha, Novemba 2016, vikosi vya usalama vilishambulia jumba la mfalme mjini Kasese na watu zaidi ya 100 wakafa. Masimulizi ya siku hiyo yako mawili na zaidi. Hapa mchezaji hapati fursa ya kupakia upya na kuona ingekuwaje kama mtu mmoja angejibu vingine. Waliokufa hawamo katika duru ya pili.

Kwa hiyo ulinganisho kati ya Pontar na Lhubiriha una mpaka wake, na ni vyema usivukwe. Mchezo haufundishi namna ya kutatua mgogoro. Unafundisha jambo dogo zaidi ambalo hata hivyo ni adimu: kwamba simulizi iliyomalizika upande mmoja bado haijakamilika, na kwamba anayetaka kuisikia nusu yake ya pili analazimika kulipa kwa muda wake. Gharama hiyo ni halisi. Saa za kucheza ni saa za umeme, na saa za umeme ni fedha. Duru ya pili inaweza kuwa nje ya uwezo wa wengi wanaoistahili. Mhakiki na mfasiri, ambao kusoma ni kazi yao, hawana kisingizio hicho.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa The Witcher 2 umejengwa ili umalizwe mara moja na ukamilishwe mara mbili. Sura ya tatu, ambamo njia zinakutana, ni fupi kuliko uzito wa yaliyotangulia, na toleo lililoboreshwa la mwaka 2012 lilijaribu kuijazia. Udhaifu huo hauondoi mafanikio ya sura ya pili, ambayo ni miongoni mwa majaribio ya dhati ya kumfanya mtu mmoja aishi vita vilevile kutoka mahema mawili.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, uhakiki wa michezo yenye njia nyingi ueleze wazi mhakiki amecheza njia zipi, kama mtafiti wa fasihi simulizi anavyotaja ameisikia ngano kwa nani. Pili, tafsiri za michezo kwa Kiswahili zitakapoanza, zishirikishe watu wa maeneo ya mpakani kama Bwera, Kasindi na Kasese. Wao wamezoea kuhama neno wanapohama ng'ambo, na wanajua ni neno gani likivushwa litamuumiza nani.